Kikombe Kimevunjika

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, ila joto halisemeki. Nimekawia kukujibu kwa sababu swali lako halikuwa la kujibiwa kwa simu: mwanafunzi wako kaandika "The cup broke" kwenye zoezi la kauli ya kutendwa, umempa kosa, naye kabisha kwamba kikombe hakiwezi kujivunja chenyewe.

Kosa anastahili, lakini hoja yake ni nzuri kuliko anavyojua. Juzi Mwana, binti wa kaka yangu, kaja sebuleni kashika kishikio kitupu. "Shangazi, kikombe kimevunjika." Nikamuuliza, kimevunjika au kimevunjwa? Akatazama miguu yake. "Kimevunjika. Mimi nilikuwa nakiosha tu." Ana miaka 7, na anajua mnyambuliko gani wa kumtetea.

Kiingereza hakina hiyo -ika. "Broke" ni ileile, awepo wa kuvunja au asiwepo: "Mwana broke the cup", "The cup broke". Umbo la kutenda, maana ya kuvunjika. Kutendwa kwa Kiingereza wanaisimu hukutambua kwa umbo la kitenzi, mara nyingi "be" au "get" ikifuatwa na umbo kama "broken". Mtendaji kutotajwa peke yake hakutoshi.

Utamu uko kwenye "The cup was broken". Kilivunjwa, au kilikuwa kimevunjika? Sentensi yenyewe haikuambii. Wanaisimu wanasema hapo pana mambo mawili yaliyovaa nguo moja: tukio, na hali, na kwenye hali, "broken" wanaihesabu kuwa kivumishi. Jaribu darasani. Ongeza "by the cat", utapata tukio. Chomeka "still" baada ya "was", utapata hali. Halafu waandikie ubaoni "This shirt washes easily", shati hili linafulika. Sisi -ika moja inatutosha kwa kuvunjika na kufulika. Kwa Kiingereza wataalamu wengi huzitenga, maana "broke" inasimulia lililotokea, na "washes easily" inaeleza tabia ya shati, hata kama bado liko dukani na halijaona maji. Hii ya shati huiita kauli ya kati.

Ile kanuni ya kitabu chenu, kwamba kutendwa ni lugha ya waoga, siikubali. Mwandishi Mwingereza George Orwell aliwaonya watu waikwepe kauli hiyo mwaka 1946, katika makala ambayo yenyewe imejaa kutendwa! Watu hupenda kumtolea mfano Rais Reagan wa Marekani, aliyelihutubia Bunge la nchi yake mwaka 1987 akagusia sakata la kuiuzia Iran silaha kwa siri, akasema "serious mistakes were made". Sawa, alijificha. Lakini msomaji wetu wa habari angesemaje? Makosa yalifanyika. Kwa -ika, kama Mwana. Anayetaka kujificha hakosi kichaka, na kutendwa angalau kunakuachia "by" mwishoni, umtaje mtu ukitaka.

Kazi kubwa ya kutendwa, naona, ni kuchagua nani asimame mbele. Mwaka 1957 mwanaisimu Mmarekani Noam Chomsky alieleza kutendwa kama kanuni inayoigeuza sentensi ya kutenda, lakini mwenyewe akaona kwamba ukigeuza, maana inaweza kuhama. Sema kila mtu chumbani anajua lugha mbili: mimi Kidigo na Kiswahili, wewe Kigogo na Kiswahili, kila mtu na zake. Igeuze, lugha mbili zinajulikana na kila mtu, na wengi watadhani ni lugha mbili zilezile kwa wote. Maneno ni yaleyale, kilichobadilika ni kipi kimetangulia.

Kwa hiyo kosa la mwanafunzi wako libaki, ila mpe nusu alama kwa ubishi.

Mwana anakusalimu. Na kikombe, shoga, ni kile cha maua ya buluu ulichonipa Idi. Kimevunjika.

Wako,
Saumu