Barua ya wazi kwa Mkuu wa Komini: wazee wanaanguka, na ukumbi umefungwa

Lubumbashi, Oktoba

Mheshimiwa Mkuu wa Komini,

Tunakusalimu kwa heshima inayostahili cheo chako. Barua tatu tulizoziacha kwa karani wako hazikujibiwa. Hii ya nne tunaiandika hadharani, ili wazee wenyewe na watoto wao waisome pamoja nawe.

Juma lililopita baba mmoja wa miaka 78 alianguka usiku akienda choo cha nje. Umeme ulikuwa umekatwa, saruji ya mlangoni ilikuwa na maji ya kufulia, na miguuni alikuwa na kandambili zilizolegea. Alilala chini mpaka alfajiri. Mfupa wa paja umevunjika kule juu, karibu na nyonga, na familia sasa inauza mabati ya nyumba waliyokuwa wakijenga ili kupata pesa ya upasuaji. Baba huyu alikuwa akija mazoezini mara tatu kwa juma, hadi kufuli lilipotiwa mwezi wa nane kwenye mlango wa ukumbi tulimofanyia mazoezi ya wazee.

Hatuapi kwamba asingeanguka. Giza, maji na kandambili vinaweza kumwangusha hata kijana. Lakini alipoanza mazoezi aliweza kusimama kutoka kitini mara 6 tu kwa nusu dakika, bila kutumia mikono. Mwezi wa saba alifika mara 11. Mguu wenye nguvu hiyo, ukiteleza, mara nyingi huwahi kupiga hatua ya kumwokoa mwenyewe. Miezi miwili ya kukaa bure inatosha kuulegeza. Ndiyo maana tunaunganisha kufuli na mfupa, na hatutaacha kuviunganisha.

Mheshimiwa, tarehe 1 Oktoba mwaka jana, Siku ya Kimataifa ya Wazee, ulisimama mbele yao ukasema ukumbi ule ni wao kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa mbili hadi saa tatu asubuhi. Walipiga makofi. Wapo walioyaandika maneno yako kwenye daftari. Mwaka huu, siku hiyo hiyo, walipewa fulana na soda, wakapigwa picha mbele ya mlango uliofungwa.

Mlinzi anasema ukumbi unakodishwa kwa harusi na matanga. Hakuna barua iliyotueleza hivyo, basi tunabaki kukisia. Kama ni pesa ya kukodisha, harusi ziko Jumamosi, na sisi hatujawahi kuomba Jumamosi. Kama ni umeme, hatutumii hata taa moja. Kama ni usafi, wazee waliondoka kila siku wakiwa wamefagia na kupanga viti. Labda kuna mtu ofisini kwako anayeona mazoezi ya wazee ni mchezo wa kupitisha muda, na kwamba kuanguka ni uzee tu, hakuna la kufanya. Mtu huyo tunamwandikia sehemu inayofuata.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka kunaua watu 684,000 kila mwaka. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na walio hatarini zaidi ni wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Mwaka 2019 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio 108 yaliyohusisha wazee zaidi ya 23,000 wanaoishi majumbani kwao. Mazoezi yalipunguza maanguko kwa takriban asilimia 23: pale ambapo wangeanguka mara 100, walianguka mara 77. Yalipochanganywa mazoezi ya mizani ya mwili na yale ya nguvu za misuli, upungufu ulifika kama asilimia 34. Kuna vidonge vingi katika maduka yetu ya dawa ambavyo havina ushahidi wa namna hiyo. Na Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inasema mtu mzee ana haki ya hatua maalumu za kumlinda kulingana na mahitaji ya mwili wake, akili yake na utu wake.

Sasa kwa nini ukumbi, na si popote?

Tangu mwezi wa nane tumehamia chini ya mwembe nyuma ya kituo cha afya. Pana kivuli, lakini pana mizizi, pana mteremko, na udongo ni ule wetu mwekundu: wakati wa kiangazi una changarawe zinazobiringika chini ya kiatu, ukilowa unateleza kama sabuni. Mahali kama hapo huwezi kumwambia mama wa miaka 75 asimame kwa mguu mmoja. Kwa hiyo tunawaketisha. Wanazungusha mabega, wananyoosha magoti, wanaimba, wanafurahi, wanarudi nyumbani. Na hayo, Mheshimiwa, karibu hayasaidii kitu dhidi ya kuanguka. Mwili unajifunza mizani pale tu unapotiwa mashakani kidogo ukiwa wima: miguu ikikaribiana, mikono ikiachia, uzito ukihama kutoka upande mmoja hadi mwingine. Anayefanya mazoezi ya kitini peke yake atakuwa hodari wa kukaa kitini. Sakafu bapa ya saruji na ukuta wa kushika ndiyo dawa yenyewe tunayokuomba. Ukiondoa sakafu na ukuta, umeondoa dawa na kuacha chupa.

Ujue kinachofanyika katika saa ile moja. Dakika 5 za kwanza wanatembea mahali walipo, wanazungusha vifundo vya miguu, wanageuza shingo taratibu. Halafu nguvu. Kiti ni cha mbao, kimo cha sentimita 45 hivi, na mgongo wake unagusa ukuta. Kiti cha plastiki tumekikataa, kwa sababu juu ya saruji laini miguu yake hutanuka mzee anapokaa kwa kishindo, na yeye huangukia mgongo. Anaketi mbele ya kiti, anarudisha nyayo nyuma kidogo ya magoti, anainamisha kifua mbele hadi pua ipite vidole vya miguu, ndipo anasimama. Wengi wanashindwa kwa kosa moja tu, kujaribu kusimama huku kifua kiko wima; tukisahihisha hilo, mama aliyekuwa akivutwa na wajukuu anasimama mwenyewe siku hiyo hiyo. Tunaanza na mara 5 kwa mikono, tunafika mara 10, kisha mafungu mawili ya 10, kisha bila mikono. Kushuka ni polepole, kwa kuhesabu hadi 3, maana misuli inayozuia mtu asidondoke kitini ndiyo inayomzuia asidondoke kwenye ngazi.

Kwa misuli ya mbele ya paja na ile ya pembeni ya nyonga tunafunga kifuko cha mchanga juu ya kifundo. Tunapima mchanga nusu kilo, tunashona kwenye kitambaa cha kitenge kilichochakaa, tunafunga kwa utepe. Akiweza mafungu mawili ya mara 10 bila kutetemeka, tunaongeza hadi kilo moja. Anayebaki na nusu kilo mwaka mzima hapati nguvu mpya. Kuinuka kwa vidole na kusimama kwa visigino havihitaji kifuko, vinahitaji ukuta tu. Hakuna kubana pumzi: tunawaambia wahesabu kwa sauti, kwa sababu anayehesabu hawezi kuzuia pumzi, na kuzuia pumzi hupandisha shinikizo la damu.

Kisha mizani, ambayo ndiyo kiini. Miguu pamoja, sekunde 10. Mguu mmoja nusu hatua mbele ya mwingine. Kisigino kikigusa vidole, kama anayesimama juu ya kamba. Mwishowe mguu mmoja. Kwanza mikono miwili iko ukutani, halafu mmoja, halafu kidole kimoja, halafu ukuta uko karibu lakini haushikwi. Baadaye kutembea kwa ubavu, kutembea kinyumenyume, kugeuka kwa umbo la namba nane kuzunguka viti viwili. Katika kila wazee 6 anasimama msaidizi mmoja, pembeni na nyuma kidogo ya mzee, mkono tayari karibu na kiuno. Hamvuti kwa mkono, maana ukimvuta mtu anayeyumba unamwangusha wewe.

Programu iitwayo Otago, iliyotungwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago huko New Zealand, ndiyo tuliyoifuata kwa sehemu kubwa: nusu saa mara tatu kwa juma, na matembezi mara mbili kwa juma. Ilipunguza maanguko kwa kama asilimia 35, na waliofaidika zaidi ni wenye miaka 80 na kupita. Tunajua ofisini kwako kuna atakayesema: basi kama Otago hufanyiwa nyumbani, wafanyie nyumbani. Katika nyumba nyingi za Katuba na Kenya, hapa hapa Lubumbashi, chumba cha mbele ndicho kitanda cha wajukuu na duka la mkaa. Mahali pa kuweka kiti dhidi ya ukuta na kupiga hatua nne hakuna. Na tuko wawili tu tunaojua kupandisha ngazi ya zoezi kwa kila mmoja. Nyumba 40 kwa miguu yetu hatuzimalizi.

Matembezi peke yake pia si jibu, ingawa ndiyo ushauri mwepesi kuutoa. Mtu dhaifu ukimtuma atembee haraka barabarani kabla ya kuimarisha mizani, unampa nafasi nyingi zaidi za kuanguka, tena kando ya mifereji isiyo na vifuniko.

Kabla hajaanza, kila mzee anapimwa. Anainuka kitini, anatembea mita 3, anageuka, anarudi kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, tunamhesabu kuwa yuko hatarini. Anayeshindwa kusimama kisigino kwa vidole kwa sekunde 10, vilevile. Tunapima shinikizo la damu akiwa amelala dakika 5, kisha akiwa amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, anarudi kwa daktari aangaliwe dawa zake kwanza, hasa zile za kukojoza na za usingizi. Wenye dawa ya kisukari hawaruhusiwi kufika na njaa. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, kukosa pumzi: zoezi linakoma hapo hapo. Tunakueleza haya ili usidhani ni kundi la watu wanaorukaruka.

Na kila Ijumaa tulifundisha jinsi ya kuinuka kutoka chini, juu ya mkeka: usikurupuke, jiulize kwanza wapi panauma, geuka ubavu, jisukume kwa mikono hadi upige magoti, tambaa hadi kwenye kiti au kitanda, weka mikono juu yake, leta mbele mguu ulio na nguvu, jisukume, keti. Aliyevunjika asijaribu, bali apige kelele, agonge ndoo au bati, ajifunike asipate baridi. Chini ya mwembe somo hilo limekufa. Hakuna nkambo, yaani babu au bibi, atakayekubali kulala juu ya changarawe mbele ya wapita njia, na hatumlaumu.

Mheshimiwa, tulitaka kukuomba mambo mengi. Nauli ya wasaidizi, ambao tangu mwaka jana wanalipa wenyewe. Viti 20 vya mbao. Bomba la chuma au ubao wa kushikia kando ya ukuta mmoja. Vifuniko vya mifereji kwenye njia inayokuja kituoni, ambavyo navyo viliahidiwa. Tunajua utasema bajeti. Haya, yaweke yote kando. Viti tutaendelea kubeba kutoka nyumbani kwetu vichwani, kama tunavyofanya sasa. Mchanga upo. Nauli tutajitahidi.

Tunaomba ufunguo.

Mvua za Novemba ziko mlangoni, na hazitatuacha mpaka mwezi wa tatu au wa nne. Zikianza, hata chini ya mwembe hatutakuwepo, na wazee watakaa ndani miezi mitano, wakitoka tu kwenda chooni kwenye matope yale yale. Faida ya mazoezi haiwekwi akiba. Anayeacha anarudi alipokuwa, na safari hii anarudi akiwa na mwaka mmoja zaidi. Mwezi wa tano tutaanza upya na watu dhaifu kuliko tulioanza nao, tukiwa na wachache zaidi wa kuanza nao.

Saa tatu kwa juma, Mheshimiwa. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, kama ulivyosema mwenyewe. Ufunguo mmoja ubaki kwa mlinzi, pamoja na karatasi yenye sahihi yako, ili asitufukuze tena mbele ya wazee. Karatasi hiyo ni mistari miwili. Kama karani wako hana nafasi ya kuiandika, tumeiandika sisi na kuiambatisha na nakala ya barua hii iliyo mezani kwako. Panabaki pa sahihi tu.

Jumatatu ijayo saa moja na nusu asubuhi tutakuwa mlangoni pa ukumbi na viti vyetu. Wazee 43 wameshaambiwa.

Kwa heshima,

Wataalamu wa viungo, wauguzi na wasaidizi wa mazoezi ya wazee