Bolti za bidiloki zikazwe kwa spana ya toki, na zirudiwe

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee hizi rimu za bidiloki, maana siku hizi zinafungwa kwenye magari mengi ya porini na watu wanaziona ni urembo tu, kumbe ni kifaa kinachotaka kuangaliwa kila mara. Kwa asiyezijua, ni rimu yenye ringi ya nje inayobana mdomo wa tairi kwa bolti nyingi, nyingine zina 24, nyingine 32, ili dereva aweze kushusha upepo hadi chini ya psi 10 kwenye mchanga au mawe na tairi lisichomoke. Yaani kazi yote ya kushika tairi upande wa nje iko kwenye hizo bolti ndogo ndogo.

Kinachoniuma ni vile gereji nyingi zinazikaza. Fundi anachukua mashine ya kukazia ya upepo anapiga trrr bolti zote kwa kuzunguka, mteja analipa anaondoka na hakuna aliyemwambia namba ya toki, yaani nguvu ya kukazia bolti inayopimwa kwa spana maalumu inayolia ikifika kipimo, wala lini arudi. Hizi bolti si nati za tairi jamani. Nati za gari kubwa la 4x4 zinaweza kuzidi futi-paundi 100 lakini bolti za bidiloki mara nyingi ni kati ya 15 na 25 hivi, yaani kama nyutoni mita 20 hadi 34, kutegemea aliyetengeneza rimu, na namba yake ndiyo ya kufuata, siyo ya jirani mwenye rimu ya aina nyingine. Hata ile spana ya toki kubwa ya kukazia nati haifai hapa, maana chini kabisa ya kipimo chake haisomi vizuri, tafuta ndogo.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui. Bolti inaweza kulegea bila kugeuka hata kidogo! Katikati ya ringi na rimu kuna mpira wa mdomo wa tairi, na mpira ukibanwa unaendelea kusinyaa taratibu kwa masaa kadhaa, na gari likitembea unasinyaa zaidi, kwa hiyo mvuto wa bolti, yaani nguvu yake ya kubana, unapungua wakati kichwa chake kiko palepale. Ndiyo maana ukikaza mzunguko wa kwanza ukarudi pale ulipoanzia unakuta bolti ya kwanza inageuka tena, na inabidi uzunguke tena na tena mpaka spana ilie kwenye kila bolti bila bolti kusogea. Na ndiyo maana wale wanaopaka gundi ya uzi wakaona wamemaliza wanajidanganya, gundi inazuia bolti kugeuka, haizuii mpira kusinyaa. Vilevile alama ya rangi juu ya kichwa cha bolti ni nzuri ila inakuonyesha iliyogeuka tu, iliyopoteza mvuto haikuonyeshi, hapo ni spana tu.

Kwa hiyo ringi ikishafungwa, anza kwa mkono, kisha kaza kwa kuvukisha upande kwa upande, kidogo kidogo ili ringi ishuke sawa isipinde, mwishoni ndiyo uzunguke kwa mpangilio. Siku ya pili angalia, baada ya safari fupi ya kwanza angalia, na baada ya hapo kabla na baada ya kila safari ya porini. Ikilegea moja mzigo unahamia kwa jirani zake, zinapindwapindwa mpaka zinakatika, na dalili ya kwanza mara nyingi ni upepo. Mwagia maji ya sabuni kwenye ukingo wa ringi, ukiona mapovu yanatoka kati ya bolti mbili ujue hapo pamelegea.

Kuhusu grisi, kama mtengenezaji ametoa namba kwa bolti kavu usipake grisi ukatumia namba ileile, bolti itavutika kupita kiasi na uzi wa aluminiamu unaliwa upesi sana. Bolti iliyosagwa kichwa na mawe badilisha, usisubiri siku soketi inateleza uko katikati ya pori.

Na tafadhali sana, mtu asifungue ringi tairi likiwa na upepo. Toa upepo wote, chomoa na ile sindano ya ndani ya valvu, ndiyo uguse bolti. Ringi ikiruka inaua.

Ombi langu kwenu mhariri, kwenye kurasa zenu za magari mnapoandika habari za hizi rimu msiishie kwenye muonekano, wekeni na namba ya toki ya mtengenezaji na muda wa kurudia kukaza. Na gereji nazo ziandike hiyo namba kwenye risiti ya mteja, ni mstari mmoja tu.

Msomaji wenu,
Dereva wa magari ya porini