Mjomba, rudi umalizie kahawa yako

Shikamoo, mjomba.

Najua simu yangu huipokei. Tangu Ijumaa ile ulipokiacha kikombe nusu pale barazani Ngamiani, ukatwaa bakora yako na kwenda zako bila kuaga, nimepiga mara nne. Mama ananiambia nikuache upoe kwanza. Mimi nimeona nikuandikie hapa hadharani, maana na kukucheka nilikucheka hadharani.

Wasiokuwapo niwaeleze kidogo. Nilichukua vikombe vitatu vya kahawa, nikavifudikiza juu ya benchi, na chini ya kimoja nikaficha kete ya bao. Wewe ulikuwa umegeuza uso ukutani kama mtoto anayecheza kibemasa. Ukageuka, ukaweka kidole kwenye cha kati. Mchezo unataka kwamba hapo mimi nifunue kimoja kitupu kati ya viwili vilivyobaki, kisha nikuulize kama unabaki na chako au unahamia kingine. Kabla sijanyoosha mkono, akatokea muuza kahawa na dele lake. Yeye anakusanya vikombe vyake, hana habari na mambo yetu, akaokota cha kushoto. Kitupu. Watu wakacheka, mimi nikasema, "Haya, kanipunguzia kazi. Mjomba, unabaki au unahama?"

Ukasema vimebaki viwili, kete iko chini ya kimoja, basi ni nusu kwa nusu, na mtu mzima hahangaiki kwa nusu kwa nusu. Mimi nikashikilia kwamba anayehama hushinda mara mbili katika kila mara tatu. Tukawekeana kashata mbili. Ukabaki na cha kati, kete ikatoka cha kulia, nami nikaruka kama niliyefunga bao Mkwakwani.

Nataka kukwambia mambo mawili kuhusu kikombe kile, na la pili litakufurahisha zaidi ya la kwanza. Lakini vumilia nianze na la kwanza.

Fumbo lenyewe si langu. Steve Selvin, mtakwimu wa Marekani, aliliandika mwaka 1975 akiiga mchezo wa televisheni ulioongozwa na mtangazaji Monty Hall, na jina la mtangazaji ndilo lililobaki kwenye fumbo. Kule hawatumii vikombe, wanatumia milango mitatu. Nyuma ya mmoja kuna gari, nyuma ya miwili iliyobaki kuna mbuzi. (Nilipolisimulia hivyo mara ya kwanza barazani, mzee mmoja aliuliza kama mbuzi mwenyewe ni beberu au jike, maana petroli imepanda. Ndiyo sababu nikahamia kwenye kete.) Septemba 1990, mwandishi Marilyn vos Savant alilijibu katika jarida la Parade: hama. Wamarekani walimjia juu. Zilimfikia barua zipatazo 10,000, na karibu 1,000 zilitoka kwa watu wenye shahada ya udaktari, baadhi yao walimu wa hesabu wa vyuo vikuu, wakimwambia aache kupotosha taifa. Hata Paul Erdős, Mhungari aliyeandika makala za hisabati zaidi ya 1,000 maishani mwake, alikataa katakata. Rafiki yake alimweleza kwa maneno, hakusikia. Alilegea alipoonyeshwa kompyuta ikiucheza mchezo ule mara nyingi na wanaohama wakizidi kushinda.

Kwa hiyo waliokasirika kabla yako si watu wadogo, mjomba. Na wote walikosea.

Sahau vikombe viwili vilivyobaki, maana hapo ndipo macho yanapodanganywa. Chukua michezo 30. Wewe kila mara unachagua cha kati. Kete haina mwenyewe, kwa hiyo tuseme imelala kati mara 10, kushoto mara 10, kulia mara 10. Mimi niliyeificha najua ilipo na sitaifunua kamwe. Ikiwa kati, nafunua chochote, na wewe ukihama unapoteza. Hizo ni mara 10. Ikiwa kushoto, sina hiari, lazima nifunue cha kulia, na ukihama unaikuta. Ikiwa kulia, lazima nifunue cha kushoto, na ukihama unaikuta tena. Anayebaki ana ushindi 10, anayehama ana 20. Kile kikombe ambacho sikukigusa kina siri ndani yake, kwa sababu mara nyingi nimekiacha makusudi.

Hilo ndilo nililotaka kukwambia Ijumaa, ungenipa nafasi. Usiku nikakaa na binti yangu sakafuni, tukacheza mara 60, yeye akiandika kwenye daftari la shule. Aliyebaki angeshinda mara 22, aliyehama mara 38. Nikaenda kulala na raha zangu.

Asubuhi ndiyo iliyoniharibia. Binti anakunywa uji, akaniuliza, "Baba, lakini kwa babu si alifunua muuza kahawa?"

Nikaweka kijiko chini. Rudi kwenye ile michezo 30, lakini safari hii afunue mtu asiyejua kitu, tena kila mara aokote cha kushoto. Kete ikiwa kushoto, mara 10 ataifichua mwenyewe na mchezo umekwisha, tunafudikiza upya. Zinabaki mara 20 ambazo cha kushoto kimetoka kitupu. Katika hizo 20, kete iko kati mara 10 na kulia mara 10.

Nusu kwa nusu, mjomba. Kama ulivyosema.

Vikombe ni vilevile, kete ni ileile, na macho yanaona kitu kilekile: kimoja kimefunuliwa kitupu, viwili vimebaki. Tofauti iko kichwani mwa aliyefunua. Mimi ningekuwa nimekwambia kitu kwa mkono wangu. Muuza kahawa hakukwambia chochote, alikuwa anatafuta vikombe vyake aende Barabara ya Saba. Tulijaribu hilo nalo, mara 60. Nilimfunga binti macho kwa kitambaa, mimi naficha na kuchagua, yeye anafunua. Mara 19 aliifichua kete. Katika 41 zilizobaki, kubaki kulishinda mara 21 na kuhama 20. Basi nilikubishia nikiwa na jibu sahihi la fumbo jingine. Kete ilitoka kulia kwa bahati tu, na mimi nikachukua kashata zako mbili kama haki yangu.

Halafu nikakumbuka kwamba wewe si mtu wa kudanganyika ovyo na hesabu. Unakumbuka mwaka juzi nilikutegea lile la mzigo? Una kilo 100, na katika mzigo wote maji ni asilimia 99. Unauanika juani mpaka maji yanakuwa asilimia 98. Mzigo sasa una kilo ngapi? Ofisini kwetu niliwauliza watu tisa, wote wana shahada. Wanane walisema 99 au 98, wa tisa akasema ana kikao. Wewe ulipiga funda moja la kahawa ukasema, "Nusu imekwenda." Nilidhani umebahatisha. Ukanieleza kama unayemfundisha kibarua mpya: usiangalie maji, angalia kikavu. Kikavu ni kilo moja, hakiendi popote. Mwanzo ile kilo moja ilikuwa sehemu moja ya mia, sasa ni mbili za mia, basi mzigo wote ni kilo 50.

Miaka uliyonunua mwani pwani yetu ilikufundisha hilo. Kila aliyekuuzia mwani uliokauka nusunusu alikuuzia maji kwa bei ya mwani, na wewe ukalipa mpaka mkono ukajua kabla ya kichwa. Vikombe hakuna aliyewahi kukuuzia. Hata Erdős hakuwa amevilipia.

Lile la siku za kuzaliwa, hapo sikuachii, naomba radhi. Ulikataa kwamba katika watu 23 tu, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja unazidi nusu. Ukapiga benchi: "Siku 365, watu 23!" Kosa lako ni kwamba ulikuwa unatafuta wa kulingana na wewe. Huyo kweli ni wa taabu, mpaka kumpata kwa uwezekano wa nusu unahitaji watu wengine 253. Fumbo halikuulizi wewe, linauliza yeyote na yeyote. Fikiria watu 23 wote wapeane mikono. Wa kwanza anashika mikono 22, wa pili anabakiwa na 21, hivyo hivyo mpaka mwisho. Jumla ni mikono 253, na kila mkono ni nafasi moja ya tarehe kugongana. Wewe mtu wa mpira, tazama Kombe la Dunia la 2014 kule Brazili. Timu zilikuwa 32, kila moja na wachezaji 23, na timu 16 zilikuwa na angalau wawili waliozaliwa tarehe moja. Nusu kamili, na hapo hakuna aliyepanga.

Baraza letu lisihesabiwe kwenye ushahidi huu. Wewe na wenzio wawili nyote mmeandikiwa tarehe 1 Januari, kwa sababu karani aliyewaandika hakutaka kusikia habari za "mwaka wa njaa, mwezi wa mfungo tano".

Ijumaa baada ya Alasiri nitakuwa pale pale. Kashata zako mbili nimekwishazinunua, na nimeongeza ya tatu kwa ajili ya kicheko kile. Vikombe nitakuja navyo vya nyumbani. Safari hii wewe ndiye utakayeficha kete, na muuza kahawa nimemwomba asiguse kitu mpaka tumalize.

Mpwa wako.