Wanariadha wa sekondari wafundishwe kugawa kasi

Mhariri,

Maandalizi ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, yakianza, naomba walimu wa michezo hapa Dodoma wawafundishe wakimbiaji wa mita 5,000 kugawa kasi. Mbio hizo ni mizunguko 12 na nusu ya uwanja wa mita 400. Anayelenga dakika 16:40 atumie sekunde 80 kila mzunguko. Ile nusu ya mzunguko ya kuanzia, sekunde 40. Wengi huondoka kwa sekunde 68 kwa mzunguko, na kufikia mzunguko wa saba miguu mizito, pumzi imekata. Mwanariadha wetu Filbert Bayi aliongoza tangu mwanzo hadi kushinda kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, lakini zile zilikuwa mita 1,500!

Mazoezi yafanyike saa 12 asubuhi, kabla ya jua na vumbi: mita 800 mara sita, kila moja kwa 2:40, katikati dakika mbili za kukimbia polepole. Mwalimu ataje sekunde kwa sauti.

Mpenda riadha,
Dodoma