Ule mwandiko ni wangu

Mwanangu,

Jana ulipotoka chumbani na ile karatasi mkononi nilikuwa nachoma vitumbua, nikakujibu hovyo: "Makaratasi ya zamani hayo, rudisha ulikoyatoa." Ukarudisha. Hukuuliza tena, na mtoto kama wewe akinyamaza siku nzima mimi huwa silali. Ndiyo maana nakuandikia. Naandika Kiswahili makusudi, kwa kuwa Kiingereza changu kimejaa adabu na kinanisaidia kukwepa. Ukikwama kwenye neno njoo uniulize mimi. Usiende kwa baba yako, atakulainishia.

Uliuliza: "Nani kaandika hapana hapa?"

Ni mimi. Baba yako alikuwa zamu ya usiku. Fomu ile tulipewa na wakala wa kuasili watoto aliyekuwa akitushughulikia, kurasa kadhaa za magonjwa na kasoro, mstari kwa mstari, na pembeni visanduku vitatu: ndiyo, labda, hapana. Moyo. Macho. Masikio. Homa ya ini. Vidole vya ziada. Nyayo zilizopinda. Unakaa mezani na kikombe cha chai unaambiwa uweke vema kwa mtoto utakayemkubali. Kwenye mdomo sungura nikaweka ndiyo, maana nilijua hushonwa, ukabaki mstari tu. Kwenye kaakaa lililopasuka nikaweka hapana. Nilikuwa nimesoma: upasuaji huu, kisha ule, masikio kujaa maji, meno kuota upande, miaka ya kwenda kwa mtaalamu wa matamshi. Nikapiga hesabu ya bima na siku za likizo. Hapana, kwa kalamu ya wino.

Jambo jingine sijamwambia mtu. Tanga, darasa la tatu, tulisoma na msichana mwenye mdomo sungura ambao haukuwahi kushonwa. Maneno yake yalitokea puani. Tulikuwa tunamwigiza wakati wa mapumziko, na niliyekuwa hodari wa kumwigiza ni mimi. Kwa hiyo nilipoandika hapana sikuwa naogopa bima peke yake. Nilikuwa nawajua watoto wa shule.

Bibi yako, nilipompigia kumweleza safari, aliniuliza kitu kimoja tu: "Huku watoto wamejaa, wewe unamfuata wa Uchina?" Lilikuwa swali la haki. Ila sheria ya mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mgeni awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo kabla ya kuasili, na mimi nilikuwa mgeni. Nilipoapa uraia wa hapa Marekani, ule wa kwetu ukaondoka, maana Tanzania haikubali raia wawili ndani ya mtu mmoja. Nimezaliwa Bombo, kitovu changu kimezikwa Tanga, na kwenye karatasi ni mgeni. Bibi yako alinyamaza, kisha akasema, "Basi mletee sweta."

Uchina wakati huo ilikuwa njia iliyonyooka, ya makaratasi mengi lakini yanayojulikana. Watoto wengi waliokuwa wakisubiri walikuwa na hitaji fulani la kiafya, na mafaili yao yaliwekwa kwenye orodha iliyoonekana na mawakala wa nchi nyingi. Ukilifungia faili, asilichukue mwingine, ulikuwa na saa 72 za kuamua.

Yule mama wa wakala akanipigia nikiwa kazini. "Najua mliandika hapana," alisema, "lakini mtazameni." Faili lako lilikuwa na picha tatu. Umevikwa nguo juu ya nguo mpaka mikono haishuki. Mdomo ulikuwa umeshashonwa, kaakaa bado. Kulikuwa na video fupi pia: mtu anakulisha uji, unarudi puani, unapiga chafya, unamtazama yule mlishaji kama yeye ndiye mwenye makosa, halafu unafungua mdomo tena.

Laiti ningekuwa na kisa kizuri cha kukusimulia hapo, cha sauti usiku au ndoto. Sina. Nilitazama ile video mara nyingi mno. Baba yako akaitazama mara moja, akasema, "Huyu ana njaa," akaenda kulala. Saa ya 60 hivi tukatuma barua ya kukubali. Ile fomu hakuna aliyenirudishia nirekebishe. Ndiyo maana hapana ile imebaki.

Novemba 2014 tukasafiri. Zhengzhou, mkoa wa Henan, baridi ya kukata masikio. Tulikuwa na yuan 35,000 za mchango wa kituo, kwenye mkoba niliouvaa ndani ya gauni, na kila nikikaa naziona zimevimba tumboni kama mimba. Mkalimani wetu hakucheka. Mimi nilicheka peke yangu, kwa woga.

Walikuleta kwenye ofisi ya serikali, chumba chenye makochi na familia nyingine mbili. Ulikuwa na miaka miwili na miezi mitatu. Hukulia. Ulinishika kidole ukatazama ukutani, kama mtu anayesubiri basi. Mlezi alinipa mfuko mdogo wenye chupa yako, na chupa hiyo ndiyo iliyonifundisha zaidi ya lile faili zima. Chuchu yake ilikuwa imekatwa kwa mkasi, tundu la herufi ya X, maziwa yaingie bila kufyonza, kwa sababu mdomo usio na kaakaa haufyonzi. Mkato ule haukuwa wa mashine. Mtu alikaa akajaribu tundu dogo, ukapaliwa au hukushiba, akaongeza kidogo. Kule kituoni kulikuwa na mtu aliyekusoma hivyo. Chupa bado ninayo, imo kwenye sanduku lile lile, chini ya faili. Hukufika chini.

Utaratibu wao ulikuwa kukupa usiku mmoja na mtoto, kesho yake mnarudi kusaini. Afisa akatuuliza kupitia kwa mkalimani: mmeridhika na mtoto huyu? Mtaahidi kutomtesa wala kumtelekeza? Baba yako akajibu haraka. Mimi lile neno "mmeridhika" lilinikwama, nikaona ile fomu, nikaona visanduku. Wakapaka wino mwekundu kwenye unyayo wako wakaukandamiza kwenye karatasi, tukatia na vidole vyetu. Ulitazama mguu wako mwekundu, na hapo ndipo ulipolia. Mbele ya watu wote, kwa sauti ya puani. Nikakufunga mgongoni kwa kanga.

Siku zile za kusubiri pasipoti yako tulizurura mtaani, na mabibi wa Zhengzhou hawakutuachia nafasi. Kila mmoja anakuja, anakuvuta suruali chini ifunike kifundo cha mguu, ananikaripia kwa Kichina. Sihitaji mkalimani kujua kukaripiwa kwa sababu ya baridi. Nilikuwa kama niko kwa shangazi zangu.

Kisha Guangzhou, kwa ajili ya kupimwa na viza kwenye ubalozi mdogo wa Marekani. Huko joto, na huko ndiko wafanyabiashara wa Kariakoo wanakofuata mizigo. Mtaa wa Xiaobei ukisimama dakika kumi utasikia Kiswahili. Mimi nikasikika kwa kanga. Mwanamke mmoja aliyekuwa anahesabu marobota alisoma maandishi mgongoni kwako kwa sauti: "Utabaki na chokochoko utaambulia ukoko!" Akacheka mpaka akakaa. Nilikuwa nimebeba kanga iliyokuwa karibu, sikuangalia jina. Akauliza, "Dada, huyu wa nani?" Nikasema wangu. Hakuuliza la pili. Aliinama, akakugeuza uso kwenye mwanga kwa vidole viwili, kama anavyokagua nguo kabla ya kununua, akasema, "Wamemshona vizuri." Akarudi kwenye marobota yake.

Kanisani watu wananiambia nimefanya thawabu, na wewe wanakuambia una bahati. Nimeona unavyoinamisha kichwa. Katika safari nzima ile, aliyekutazama bila kunipa mimi sifa wala wewe huruma ni yule mama wa marobota.

Uwanja wa ndege wa Chicago wakagonga muhuri, na kwa sheria ya Marekani ya uraia wa watoto ya mwaka 2000 ukawa raia hapo hapo, ukiwa umelala na kiatu kimoja. Mimi uraia wangu ulinichukua miaka. Nilikuonea wivu kidogo.

Yaliyofuata unayajua kwa kusimuliwa: upasuaji wa kaakaa, mirija ya masikio, vile vibanzi vya viwiko usijitie vidole mdomoni, ukitembea na mikono imenyooka kama askari wa gwaride. Usilolijua ni hili. Kabla ya upasuaji, hewa yako yote ilipita puani, kwa hiyo M ulikuwa unaiweza na B huiwezi. Ulikuwa unamwita baba yako "mama". Mbele ya watu, dukani, uwanja wa michezo, unamkimbilia unapiga kelele "Mama!" Naye anaitika. Alikuwa akisema nyumba hii ina mama wawili na hakuna anayejua kupika ugali. Miezi mingi baada ya kushonwa, na yule mtaalamu wa matamshi akikupulizisha manyoya juu ya meza, siku moja ukiwa bafuni ukasema "baba". B yenye mlipuko. Baba yako alikaa kwenye ukingo wa beseni na suruali yake ya kazini ikalowa.

Septemba 2024 Uchina ilitangaza kwamba imefunga mlango: wageni hawaasili tena, isipokuwa ndugu wa damu na watoto wa kambo. Wapo waliokuwa wamekwisha kuonyeshwa picha za mtoto, wakabaki nazo. Nimefikiria ile saa ya 60, na simu ya yule mama ambaye angeweza kuheshimu mwandiko wangu asipige.

Kuhusu mama yako wa kwanza, ndani ya faili kuna kipande cha gazeti chenye picha yako. Kabla mtoto hajaruhusiwa kuasiliwa, ilibidi atangazwe siku 60 ili wazazi wajitokeze. Ulikutwa mlangoni mwa hospitali, alfajiri, watu wanaingia kazini. Huo si mlango wa kubahatisha. Wengine watakueleza habari za sheria ya mtoto mmoja, iliyodumu mpaka 2015, na gharama za matibabu, na yote ni kweli. Mimi naangalia lile lango na ile saa.

Ule ukurasa sijauchana na sitauchana. Nikiuchana itakuwa nimeigiza tena, kama darasa la tatu. Ukitaka kunikasirikia, kasirika, hata mwezi. Vitumbua nitaendelea kuchoma.

Na pasipoti uliyokuwa unaitafuta kwa safari ya Tanga ilikuwa mfukoni mwa koti la baridi la baba yako. Imekwisha muda. Jumatano ukitoka shule tunakwenda kupiga picha mpya.

Mama