Kwa wanangu mnaoandika tasnifu hapa Moshi

Wanangu,

Wiki iliyopita niliingia steshenari moja jirani na stendi kutoa kopi ya kitambulisho. Kwenye benchi alikaa kijana na rundo la madodoso ya wakulima wa kahawa, anatiki. Karatasi hii kalamu ya bluu, inayofuata nyeusi, halafu kalamu akaihamishia mkono wa kushoto ili mwandiko upinde. Swali moja lilihusu chama chao cha ushirika: "Umekuwa mwanachama wa AMCOS kwa miaka mingapi?" Tiki. Usiku ule sikulala vizuri. Watu ambao babu zao waliungana kuuza kahawa yao tangu KNPA, chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro cha mwaka 1925, kabla hata KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, haijaundwa 1933, leo anawajibia mtoto ambaye hajawapigia hata hodi!

Nami nilisoma shahada nikiwa mtu mzima, baada ya miaka mingi ya kushika chaki. Utafiti wangu ulihusu mifongo, ile mifereji ya wazee wetu ya kumwagilia vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba. Swali la saba nililiona zuri sana: "Je, unamiliki mfongo? Ndiyo/Hapana." Mzee mmoja wa Kibosho alilisoma mara mbili, akanirudishia karatasi. "Mwalimu, mfongo una ukoo na una zamu. Hapa niweke tiki wapi?" Kesho yake alfajiri akanichukua hadi kwenye banio, pale maji yanapogeuziwa njia. Akaziba kwa mawe, matope na vipande vya mgomba, mimi nimemshikia tochi, mpaka maji yakageuka kuelekea kwake. Pale ndipo nilipoelewa: nilikuwa nauliza habari za mali, wenyewe wanaishi kwa zamu. Nikafuta swali, nikabadili na lengo la pili la utafiti. Msimamizi alinikubalia, nikachelewa miezi miwili. Kurasa nilizonukuu vitabuni nimezisahau karibu zote. Ile alfajiri ninayo mpaka leo.

Mengine mnayajua. Hifadhini kazi sehemu mbili. Msimamizi hasubiriwi, anafuatwa. Ukichukua maneno ya mtu, mtaje.

Lakini lawama si yenu peke yenu. Sisi wazazi tukipiga simu tunauliza "unamaliza lini?", hatuulizi umeona nini huko. Mwajiri naye anataka cheti tu. Na tangazo la "tunaandika risechi" limebandikwa ukutani mchana kweupe, watu wazima tunalisoma kama tunavyosoma bei ya kopi, tunalipa, tunatoka. Mlijifunzia wapi, kama si kwetu?

Wewe uliyekuwa kwenye benchi, nilikuondokea bila neno zuri, na hilo linaniuma. Wakulima hao wapo, na jioni wakitoka shambani huwa wanakaa barazani. Daladala za Kibosho unazijua. Nauli nitakulipia, na siku ya kwanza nitakupeleka mwenyewe. Beba madodoso matupu.

Mama yenu,
mwalimu mstaafu, Moshi