Asante dada nesi, popote ulipo

Jamani naomba nimshukuru dada mmoja nesi, hata jina sikumuuliza. Alinikuta kwenye benchi nje ya chumba cha ultrasaundi nalia, majibu mkononi yameandikwa PCOS, yaani lile tatizo la homoni linalovuruga mayai na hedhi, na nilishaambiwa na watu ndo basi tena sitazaa. Akakaa pembeni akanielewesha taratibu kabisa, kwamba vile vidoti vyeusi kwenye picha sio uvimbe wa kukatwa, ni vifuko vya mayai ambayo hayajakomaa, na insulini ikizidi mwilini inachochea homoni za kiume ndo maana unaota ndevu, chunusi haziishi na hedhi inapotea miezi. Akasema kwa sisi wenye uzito mkubwa ukipungua hata asilimia 5 tu mayai yanaweza kuanza kupevuka tena. Akachukua peni akanichorea sahani nyuma ya karatasi ya majibu, nusu mchicha au matembele, robo maharage au dagaa, robo ugali wa dona, soda akaipiga mkasi. Na kutembea haraka haraka angalau dakika 150 kwa wiki. Hakuniuzia dawa yoyote wala chai ya kusafisha kizazi!! Akasisitiza nikikaa zaidi ya miezi 3 sijaona siku zangu nirudi hospitali maana ukuta wa kizazi unaweza kunenepa vibaya.

Dada yangu, siku zangu sasa naziona kila mwezi, na daktari bado ananifuatilia. Mungu akuzidishie sana, na mdogo wangu mwenye dalili kama zangu nimeshampeleka kupima.